Miaka Sabini ya Mzee Lauwo Mlimani

Yohani Kinyala Lauwo hakuomba kazi ya kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Kwa simulizi ya Marangu, chini ya mlima huo, mwaka 1889 alikwepa shokoa ya kutengeneza barabara, akakamatwa na kupelekwa kwa Mangi (chifu) Marealle kujibu shauri. Siku hizo hizo akabisha hodi Mjerumani, Hans Meyer, akitaka ruhusa ya kupita na watu wa kumwonyesha njia. Wazee wa mangi wakamtazama mshitakiwa wao: kijana mrefu, wa ukoo uliozoea kuingia msituni kufuata asali na dawa. Kesi ikageuka ajira.

Meyer alikuwa anakuja kwa mara ya tatu. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 yeye na Oscar Baumann walitiwa mbaroni na watu wa Abushiri, waliowaasi Wajerumani huko pwani, wakaachiwa kwa fidia. Safari hii alifuatana na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria na mpanda milima hodari. Chini, kwenye migomba na msitu, wenye njia walikuwa Wachagga. Juu, kwenye barafu, kazi ilikuwa ya Purtscheller na shoka lake: kila kidato kilimgharimu mapigo kama 20. Tarehe 6 Oktoba 1889 wawili hao wakasimama kileleni, na Meyer akakipa kilele jina la Kaisari Wilhelm.

Hapo simulizi zinaachana. Wapo wanaosema Lauwo naye alifika. Kitabu cha Meyer kinawapandisha Wazungu wawili tu, na anayebaki kwenye baridi akilinda hema la juu ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Ubishi huu umepewa uzito kuliko unavyostahili. Kufika kileleni ni kazi ya siku moja. Lauwo anasifika kwa kuwapandisha wageni kwa zaidi ya miaka 70.

Katika muda huo kazi yenyewe ilijengeka mbele ya macho yake. Vibanda vya Bismarck na Peters viliwekwa njiani mwaka 1912, na cha Kibo mwaka 1932. Ukapatikana mpangilio unaofuatwa hadi leo: mgeni analala chini ya kilele cha Kibo, anaamshwa usiku wa manane, anapanda changarawe ikiwa bado imegandishwa na baridi, kwa sababu jua likichomoza inalegea na kila hatua mbili zinarudisha moja. Mwongozaji hutangulia kwa mwendo wa kobe. Anasikiliza pumzi za walio nyuma, anamulika macho ya anayeyumba, na mara nyingine inambidi amwambie mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya kilele kwamba safari yake imeishia hapo. Hilo ndilo gumu kuliko mteremko wenyewe.

Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge, kilele kikaitwa Uhuru. Bismarck ikawa Mandara, Peters ikawa Horombo, majina ya mamangi wa Kichagga. Leo mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani langoni.

Mwaka 1989, kwenye maadhimisho ya miaka 100 ya safari ya Meyer, Lauwo alienziwa kama shahidi pekee aliyebaki. Alifariki tarehe 10 Mei 1996, akitajwa kuwa na miaka 125. Umri huo unampita Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 122, rekodi ndefu kuliko zote zilizothibitishwa kwa hati. Mwenye shaka anaweza kumpunguzia Lauwo miaka kumi, lakini hesabu itamgomea: atabaki na mtoto wa miaka minane akiongoza msafara wa Meyer. Kwa hiyo ama mzee aliikaribia au aliipita rekodi ya Calment, ama kijana aliyesimama mbele ya Marealle mwaka 1889 alikuwa mtu mwingine.