Kumpima Mtoto Mahututi: Kutoka Bimaristani Hadi Wodi ya Leo

 

Mtu mzima akiugua humwambia tabibu panapomuuma. Mtoto mchanga hana ila kilio, na akizidiwa hata kilio hukatika. Kwa sababu hiyo matabibu tangu zamani walilazimika kumsoma mtoto kwa alama: pumzi zake, mapigo yake, joto lake, unyonyaji wake na usingizi wake. Tutaeleza hapa kwa ufupi vipi elimu ya alama hizo ilivyokua, kisha tutazame hukumu inayoambatana nayo.

Matabibu wa mwanzo

Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi (251–313 Hijria, sawa na 865–925 Miladia) alisimamia hospitali katika mji wake wa Rayy na pia Baghdad. Katika kitabu chake al-Judari wal-Hasba alipambanua ndui na surua, maradhi mawili yaliyoangamiza watoto wengi, akizitazama hata zile alama zinazotangulia upele. Risala inayonasibishwa kwake kuhusu maradhi ya watoto iliwafikia watu wa Ulaya kwa lugha ya Kilatini. Katika karne ya 4 Hijria, Ibn al-Jazzar wa Qayrawan naye aliandika Siyasat al-Sibyan wa Tadbiruhum, kitabu kizima juu ya ulezi na tiba ya watoto.

Liko jambo moja la al-Razi linalostahiki kuzingatiwa. Ametaja katika al-Hawi kwamba kundi moja la wagonjwa walioonyesha dalili za sirsam, yaani uvimbe wa ubongo na utando wake, alilitoa damu, na kundi jingine aliliacha kwa makusudi bila ya kulitoa damu, ili apate kulinganisha. Leo maradhi hayo hayatibiwi kwa kutoa damu. Lakini njia yake imebaki: dawa haithibiti kwa ukongwe wake wala kwa cheo cha aliyeisema, bali kwa kulinganisha aliyepewa na asiyepewa.

Daftari la tabibu

Bimaristani zilijengwa kwa mali ya wakfu. Mashuhuri zaidi ni ya Nuruddin Zengi mjini Damascus (549 Hijria/1154) na ya Sultani Qalawun mjini Cairo (683 Hijria/1284), ambamo wenye homa, wenye majeraha, wenye macho na wenye kuhara walitengewa sehemu zao mbalimbali.

Vitabu vya hisba, kama cha al-Shayzari katika karne ya 6 Hijria na cha Ibn al-Ukhuwwa aliyefariki 729 Hijria, vinaeleza utaratibu wa tabibu. Amuulize mgonjwa, atazame mapigo na mkojo, aandike aliyoyaona na aliyoyaagiza, kisha awakabidhi jamaa nakala. Kesho yake arudi, apime tena na aandike tena, mpaka mgonjwa apone au afe. Akifa, jamaa wazipeleke nakala zile kwa mkuu wa matabibu. Akiona kazi ilifuata kanuni, huwaambia hivyo. Akiona uzembe, huwaelekeza wadai diya kwa tabibu.

Msomaji atambue kuwa hiyo ndiyo maana ya chati inayoning'inia kitandani leo. Ni amana, na pia ni ushahidi.

Vipimo vya zama zetu

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipatwa na mlipuko wa polio. Wagonjwa, wengi miongoni mwao watoto, walikufa kwa kushindwa kuvuta pumzi. Binti wa miaka 12 alitobolewa koo, na Daktari Bjørn Ibsen akampitishia mpira na kumsukumia hewa kwa mkono, naye akanusurika. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kukamua mifuko ya hewa. Vifo vya waliopooza pumzi vilikuwa zaidi ya 80 katika kila 100. Vikashuka chini ya nusu. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa wodi za wagonjwa mahututi.

Mwaka 1974 mjini Glasgow kilitungwa kipimo cha fahamu kinachotegemea maneno ya mgonjwa. Je, asiyejua kusema atapimwaje? Jawabu lilitoka Afrika. Mwaka 1989 madaktari waliokuwa wakitibu malaria kali mjini Blantyre, Malawi, walitoa kipimo cha watoto: alama 1 ya macho, 2 za kusogeza viungo na 2 za kilio. Mwenye fahamu kamili hupata 5. Mwenye 2 au chini huhesabiwa amepoteza fahamu.

Liko pia lisilohitaji chombo ila saa, nalo ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Mwenye kikohozi akiwa na miezi 2 hadi 11 na pumzi zake zikafika 50, au akiwa na mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5 na zikafika 40, hizo ni pumzi za haraka.

Funzo la mwaka 2011

Kwa miaka mingi ilikuwa ada kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vyema amiminiwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Ada hiyo ilijaribiwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale na Muheza, kwa watoto 3,141. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyomiminiwa maji walikufa asilimia 10.6 na 10.5, katika kundi lisilomiminiwa, asilimia 7.3. Watoto walioishiwa maji kwa kuhara hawakuingizwa humo. Hao kurudishiwa maji ndiyo tiba yao.

Lililodhaniwa rehema likadhihirika kuwa madhara, na halikujulikana ila kwa njia ileile ya kulinganisha.

Hukumu yake

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, anadhamini alichokiharibu. Wameipokea Abu Daud, al-Nasai na Ibn Majah. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad akawagawa matabibu mafungu matano. Stadi aliyetimiza haki ya fani yake na akapewa idhini hana dhamana. Na akataja hata stadi aliyemtibu mtoto bila idhini ya walii na madhara yakatokea: wapo waliosema anadhamini, naye akaona kuwa huenda asidhamini, kwa kuwa amefanya wema.

Kwa maoni yetu, aliyemiminia maji kwa ustadi kabla ya dalili kudhihiri hana lawama. Aliyefikiwa na dalili kisha akang'ang'ania mazoea, huyo amejiingiza katika uzembe. Vivyo hivyo anayejaza chati bila ya kumgusa mtoto: huyo ameandika ushahidi wa uongo.

Na wazazi wana fungu lao. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea haamki, apelekwe hospitali saa ile ile. Kumsomea ni jambo jema, na asomewe njiani. Kumchelewesha nyumbani mpaka kombe limalizike si katika kutawakali. Maimamu ndio wa kwanza kugongewa mlango usiku, basi wazijue alama hizi na wawafundishe watu kabla ya usiku huo kufika.