Maji ya Nairobi na Walinzi Wake

Atakaye kuijua tarehe ya Nairobi kwa ukweli wake asianze na majumba yake marefu wala na barabara zake, bali aufuate mto kuelekea machweo ya jua, apite Chiromo na Kileleshwa, avuke Lavington, Kawangware na Dagoretti, hata afike katika kinamasi cha Ondiri, kando ya mji wa Kikuyu. Huko mafunjo na matete yamefumana mizizi mfano wa mkeka mnene uliotandikwa juu ya maji, na mtu akikanyaga huhisi ardhi ikitetema chini ya nyayo zake, akamwona na mwenziwe aliye hatua chache mbele akipanda na kushuka pamoja na majani. Hapo ndipo penye asili ya Mto Nairobi, na hapo ndipo pa kuuliza ni nani aliyekuwa mwenye dhamana ya maji haya tangu zamani hata leo.

Kabla mji haujakuwako, Wamaasai walinywesha ng'ombe wao katika tambarare ya chini, na Wakikuyu walilima miinuko ya Kabete na Dagoretti. Kila mbari ilikuwa na ardhi yake iliyoteremka kutoka mgongo wa kilima mpaka kingo za kijito. Lakini ijapokuwa shamba lilikuwa na mwenyewe, maji hayakuwa na mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia jirani asiteke. Miti mingine nayo ilikuwa na hishima yake. Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, amesimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota hata kijiti cha kuni chini ya mkuyu mkubwa uliokuwa karibu na nyumba yao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na kwamba karibu na mti huo palibubujika kijito. Alipokuwa mtu mzima akarudi, akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Katazo la mama lilikuwa kanuni ya hifadhi iliyotungwa na watu wenyewe, wakaitii bila askari wala karani.

Mji ulikuja kwa sababu ya reli. Mwaka 1896 Sajini George Ellis aliweka kambi ya wanyama wa kubebea mizigo kando ya mto, na mwezi wa Mei mwaka 1899 njia ya reli ikafika mahali hapo, ambapo wahandisi walipata tambarare ya kujengea karakana na maji ya kutosha kabla ya kuukabili mpando wa magharibi. Mwaka huo huo John Ainsworth alihamisha makao ya serikali ya jimbo kutoka Machakos. Lakini mahali palipochaguliwa palikuwa ukingoni mwa kinamasi, na uchafu wa mji haukuwa na pa kwenda ila humo humo. Hata mwaka 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi, wakubwa waliliteketeza soko zima kwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa achunguze afya ya mji, na shauri kubwa alilolitoa likawa ni kuwatenga watu kwa rangi zao, kana kwamba maradhi yaletwayo na taka na maji mabaya huuliza kabila.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 shirika la reli lilitandaza mabomba kutoka chemchemi za Kikuyu, yaani katika bonde lile lile la Ondiri, ili mji upate maji safi. Hiyo ilikuwa kazi njema, na mpaka sasa chemchemi hizo zina fungu lao, ijapokuwa ni dogo, katika maji ya Nairobi. Lakini ndani ya wema huo mlizaliwa mazoea mabaya: mto upitao katikati ya mji ulipochafuka, mji haukuusafisha, bali uliuacha ukatafuta mwingine ulio mbali zaidi. Zilipopungua chemchemi za Kikuyu, ukafuatwa Mto Ruiru. Mwaka 1956 likakamilika bwawa la Sasumua kule Kinangop. Na mwaka 1994 bwawa la Ndakaini katika milima ya Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ambalo ndilo tegemeo kubwa la mji hivi leo. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta Nairobi ina watu 118,976. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 4,397,073. Basi haiyumkiniki kudai kwamba vijito vya karibu pekee vingewatosha wote hao. Ila kuongeza maji ni jambo moja, na kuyatupa uliyo nayo ni jambo la pili.

Tazama Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kuuzuia Mto Motoine, utokao upande wa msitu wa Dagoretti, liwe akiba ya maji ya kunywa. Kila tone la maji taka na kila gunia la takataka vya juu vikalishukia, hata magugu-maji yakalifunika uso wote, na leo hapana amwambiaye mtoto wake anywe humo. Tazama pia Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, vijito vya Kilimani na Kileleshwa, ambavyo kingo zake zimejengwa maghorofa, ilhali wakazi wa maghorofa hayo wanachimba visima virefu kutafuta chini ya mwamba maji ambayo juu ya ardhi wameyageuza mfereji. Na mkazi wa Kawangware, aliye jirani wa mto, husukuma mkokoteni wa madebe na kununua kwa fedha kile ambacho babu wa wenyeji alikiteka bure.

Mtu aweza kusema kwamba dawa ya hayo ni amri kali. Amri kali zilikwisha kujaribiwa. Baada ya Vita Kuu vya Pili serikali ya kikoloni, ikihofia mmomonyoko wa udongo, iliwalazimisha watu wa Murang'a, nayo ni milima ile ile iletayo maji ya Nairobi leo, kuchimba matuta kwa kazi isiyo na ujira, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Mwaka 1948 wanawake hao wakaandamana na kukataa katakata. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa kwamba mchimbaji hakuulizwa. Na katika siku zetu, mwaka 2018, matingatinga yalibomoa majengo yaliyokalia kingo za mito, hata jengo kubwa la maduka huko Westlands, na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 maskini wa mabondeni wakahamishwa kwa haraka. Ubomoaji huonyesha tu kwamba hapo mwanzo, kibali kilipotolewa, wenye mto hawakuwapo barazani.

Njia nyingine ilianza kwa unyenyekevu. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba Kamukunji. Mwaka 1999 yeye na wenziwe walipigwa kwa kuutetea msitu wa Karura, ambao vijito kadhaa hupita ndani yake. Na msitu ule, uliokuwa umekwisha kumegwa katika makaratasi, umesalia. Kisha Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na baada yake ile ya mwaka 2016, zikazipa nafasi jumuiya za watumiaji wa maji. Kazi yao ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: huutembea mto kutoka chemchemi mpaka unapoungana na mwingine, huandika ni nani avutaye maji kwa pampu, ni nani amwagaye taka, na ni wapi ng'ombe hushukia, huweka alama za ukingo, ambao kanuni zimetaka usipungue mita 6 wala usizidi 30, kisha hukaa pamoja, mkulima na mwenye kiwanda na mama wa kioski cha maji, wakaafikiana mpango wa bonde lao.

Ondiri imeona matunda ya shauri la namna hiyo. Pampu za mashamba na mikaratusi yenye kiu vilikuwa vinakikausha kinamasi, na maji taka ya mji wa Kikuyu yanakitia sumu, mpaka wenyeji walipojikusanya mwaka 2016 katika jumuiya ya marafiki wa Ondiri, wakaing'oa mikaratusi, wakapanda mianzi na miti ya asili, wakaweka uzio. Na kule Murang'a, tangu mwaka 2015, mfuko wa maji ulioanzishwa kwa ajili ya bonde la Tana ya juu na Nairobi huwasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda majani ya mabingobingo na kuchimba mabwawa madogo shambani. Ni matuta yale yale, katika milima ile ile, ambayo bibi za wakulima hao waliyakataa. Safari hii yamekubaliwa, kwa sababu mkulima amesikilizwa, na udongo wake unabaki kwake huku mji ukipata maji yasiyo na tope.

Basi insafu yataka hivi: mwenye nyumba wa Kilimani na Westlands, afunguaye bomba asubuhi, aketi baraza moja na mkulima wa Kikuyu na mkazi wa Kawangware, achangie gharama ya ukingo na chemchemi kama achangiavyo gharama ya bomba, wala kusiwe na kibali cha kujenga bondeni ambacho jumuiya ya mto huo haikukisikia. Bwawa la mbali hujengwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa na wajukuu. Chemchemi ya karibu hulindwa kwa mapatano, na mapatano hayo yamo katika uwezo wetu sisi tulio hai leo.