Malisho Yaliyofungwa

Ukivuka daraja la Mto Simiyu pale Magu wakati wa kiangazi, utaona mchanga mwingi na maji kidogo. Mvua zikikolea, mto huohuo hushuka Ghuba ya Speke kwa fujo, rangi yake ya udongo. Udongo huo una historia, na sehemu kubwa yake iko huko juu, Bariadi na Meatu, wilaya zilizokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi 2012.

Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilitangaza vita dhidi ya mbung'o Shinyanga. Charles Swynnerton aliongoza kazi hiyo, watemi wakatoa watu, vichaka vikafyekwa. Kichaka kilikuwa adui. Pamba na mifugo vikafuata.

Wasukuma walikuwa na dawa yao: ngitili. Mvua zinapoanza, familia hufunga kipande cha malisho. Nyasi na miti huachwa vikue. Kiangazi kikibana, hufunguliwa kwa ndama na maksai. Nia ilikuwa majani ya ng'ombe, wala si mafuriko. Lakini hebu fikiria: ardhi hufunikwa majira yaleyale ambayo matone yangeipiga ikiwa uchi. Maji hupata muda wa kuzama.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wengi mbali na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Mwanzoni HASHI ilikuja na vitalu na miche, kama miradi yote (sisi wasomi tunapenda kupigwa picha na mche). Baadaye ikawasikiliza wazee: visiki vilikuwa hai bado ardhini, vilihitaji kuachwa tu. Dagashida, baraza la jadi, likasimamia sheria. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Haziwezi kuzuia kila kitu. Ardhi ikishashiba, maji yatashuka tu, na Mei 2020 ziwa lenyewe lilipanda kuliko rekodi ya 1964. Kwa mvua za kawaida, hata hivyo, hesabu ni nyingine, na ndiyo inayonisumbua: mfugaji wa Meatu anayefunga malisho yake ndiye anayebeba gharama, ng'ombe wake wakitembea mbali zaidi kutafuta majani. Mkulima wa bondeni Magu, ambaye mpunga wake umesalimika, hamjui.