Usiku wa Lanet, Asubuhi ya Colito

Tukiwa watoto pale ufuoni Kamere, kulikuwa na neno moja tu la kufanya watu watoke mbio: "Marini!" Likipigwa kelele, wavuvi wasio na leseni walikunja nyavu, akina mama wakafunika beseni za samaki, na sisi tukatawanyika ndani ya mafunjo bila hata kufikiria viboko. Boti ya doria ilikuwa inakuja. Waliokuwa ndani hawakuwa marini hata kidogo. Walikuwa walinzi wa ziwa tu, wamevaa magwanda. Lakini tulikuwa tumeona filamu za kutosha kwenye vibanda vya video kujua kwamba mtu mwenye bunduki anayetokea majini anaitwa marini, basi tukawaita hivyo.

Nilikuja kukutana na neno hilo tena miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo imegoma kupatikana, lakini ile tabia ya kusoma historia ilikataa kuacha pamoja nami. Siku hiyo nilikuwa nasoma juu ya Lanet, ile kambi ya jeshi unayoipita ukikaribia kuingia Nakuru. Nilitaka kujua kilichotokea pale Januari 1964. Nikafuata uzi, na uzi ukanipeleka mpaka Dar es Salaam, ambako marini wa kweli walikuwa wanashuka kutoka angani.

Kwanza tuelewane marini ni nani, maana watu huchanganya. Mwanamaji huendesha meli. Marini ni askari wa miguu anayebebwa na meli, kisha akamwagwa ufuoni kupigana nchi kavu. Wahispania wanahesabu kikosi chao kuanzia 1537 na kusema ndicho kikongwe zaidi duniani. Waingereza walianzisha chao 1664, Wamarekani 1775. Ukiangalia wanachofanana, utaona kwamba mara nyingi vita vyao viko kwenye ufuo wa mtu mwingine. Ni askari wa kubisha hodi mlangoni kwa watu, na mara nyingine hodi yenyewe hawabishi.

Pwani yetu iliwajua mapema. Mwaka 1895 Admeri Harry Rawson wa Uingereza alishusha mabaharia na marini wakapanda hadi Mwele, bara ya Mombasa, kuvunja ngome ya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 1896, Rawson huyohuyo alikuwa mbele ya Unguja, mizinga ya meli zake ikipiga jumba la Khalid bin Barghash kwa muda usiofika dakika 40. Februari 1897 alikuwa Benin, Afrika Magharibi, jiji likiungua. Admeri mmoja, milango mitatu, chini ya miaka miwili.

Ndiyo maana kisa cha 1964 kilinishika. Safari hii marini walialikwa. Aliyewaita alikuwa mwenye nyumba.

Januari ya mwaka huo ilikuwa noma. Tarehe 12, mapinduzi Zanzibar. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam. Waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini. Siku iliyofuata kikosi cha pili kikaasi Tabora. Tarehe 23 moto ukashika Jinja, Uganda, na waziri Felix Onama akazuiliwa kambini na askari. Tarehe 24 jioni ikawa zamu yetu, hapa Lanet, kikosi cha 11 cha Kenya Rifles. Kenya ilikuwa na siku 43 tangu ipate uhuru.

Ukiuliza walitaka nini, jibu halina siri yoyote. Walitaka mshahara, na walitaka maofisa Waafrika. Kule Tanganyika askari wa cheo cha chini alikuwa analipwa shilingi 105 kwa mwezi, na waasi wakadai 260. Uhuru ulikuwa umekuja Desemba 1961, bendera imebadilishwa, jina la jeshi limebadilishwa, lakini askari akiamka asubuhi anayempigia saluti bado ni Mzungu yuleyule, na siku ya mshahara bahasha bado ni nyembamba. Jina la kambi yenyewe lilikuwa kumbukumbu ya vita vya Colito, Ethiopia, ambako King's African Rifles walipigania Uingereza mwaka 1941. Yaani hata jina la mahali pa kulala lilikuwa la vita vya mwenyewe mwingine.

Nyerere alijificha kwa muda. Waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyezungumza na askari. Mjini maduka yaliporwa na watu wakafa. Nyerere alipotokea tena alijaribu kurudisha utulivu kwa maneno, lakini serikali isiyo na jeshi la kulitegemea ina maneno mangapi? Tarehe 24 akaomba msaada wa Uingereza. Manowari ya kubebea ndege, Centaur, ilikuwa tayari imetoka Aden ikiwa na marini wapatao 600 wa kikosi cha 45 Commando cha Royal Marines.

Sasa weka hizo saa pamoja. Jioni ya tarehe 24, askari wa Lanet walitarajia kumsikia Waziri Mkuu Kenyatta akitaja mishahara redioni. Hakuitaja. Wakavunja ghala la silaha. Kenyatta hakungoja: wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini, watu wa mizinga wa Royal Horse Artillery, walitumwa kulikomboa ghala, na askari mmoja wa Kenya akauawa. Usiku huohuo Centaur ilikuwa inakaribia Dar es Salaam taa zikiwa zimezimwa. Kabla jua la tarehe 25 halijapanda vizuri, helikopta ziliinuka kutoka sitahani zikawatua marini kwenye uwanja kando ya kambi ya Colito, huku meli nyingine, Cambrian, ikifyatua mizinga ya kutisha tu. Brigedia Sholto Douglas, kamanda Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa na haohao askari, aliwaita kwa kipaza sauti wajisalimishe. Walipokawia, kombora likapigwa kwenye kituo cha walinzi langoni. Baada ya hapo haikuchukua muda. Waliokufa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wote walikuwa upande wa Tanganyika.

Kwa hiyo kati ya jua kuzama Nakuru na jua kuchomoza Dar es Salaam, serikali mbili za watu weusi zilikuwa zimenyamazisha askari wao kwa kutumia askari wa yule waliyemshusha bendera juzi. Uganda nayo ilikuwa imeletewa Waingereza kutoka Kenya.

Naelewa kwa nini. Bunduki ikishaingia barabarani kudai mshahara, kesho itadai ikulu. Afrika imeona hivyo mara nyingi mno. Sitaki kujifanya shujaa wa kuwahurumia waasi kutoka kwenye kiti cha plastiki miaka sitini baadaye. Lakini kilichofuata ndicho kinachopaswa kutuuma, kwa sababu majirani wawili walipata somo moja na kila mmoja akaandika jibu lake.

Nyerere alilichukulia kama aibu ya taifa na hakulificha. Februari aliita mkutano wa dharura wa nchi huru za Afrika kulekule Dar es Salaam, ili Waingereza waondoke na nafasi yao ichukuliwe na Waafrika. Kikosi cha Nigeria kikaja Aprili. Jeshi la zamani lilivunjwa, na Septemba 1964 likazaliwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, Mirisho Sarakikya akiliongoza. Hata Colito ikapoteza jina. Leo inaitwa Lugalo, pale ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Kenya ilivunja kikosi cha 11, ikawapeleka waasi mahakama ya kijeshi, kisha ikatia saini makubaliano ya ulinzi na Uingereza mwaka uohuo. Tarehe 12 Desemba 1964 tukaanzisha Jeshi letu la Wanamaji, likikulia mikononi mwa walimu Waingereza. Miaka mingi ikapita. Mwisho wa Septemba 2012 na sisi tukashusha askari ufuoni usiku, Kismayu, Somalia, kuwafurusha Al-Shabaab. Nilishangilia kama kila mtu. Sikuwaza wakati huo kwamba safari hii sisi ndio tuliotoka majini.

Mathe anafungasha maua kwenye shamba moja hapa kando ya ziwa tangu nizaliwe. Nilipoacha chuo, ushauri wake ulikuwa mmoja: nenda jeshi, jeshi linalipa. Nilienda. Nilivua viatu uwanjani pamoja na vijana mamia, daktari akatazama nyayo zangu, akasema ni bapa, nikarudi nyumbani na soksi mkononi. Haki yake, nyayo ni bapa kweli.

Njiani nilikuwa nawaza jambo ambalo bado sijalimaliza. Wale vijana wote uwanjani, hakuna aliyeongea habari za kulinda mipaka. Tulikuwa tunaongea mshahara: mtu akimaliza mafunzo anaanza na ngapi, na kama inatosha kumtoa mzazi kwenye maua. Maongezi yaleyale, nadhani, yaliyokuwa Lanet kabla ya redio kuwashwa. Kama nyayo zangu zingekuwa na tao, na mwaka ungekuwa 1964, ningekuwa kwenye foleni ya ghala la silaha au kitandani nimejifunika blanketi? Sijui. Na tarehe 25 Juni 2024 serikali ilipotangaza kwamba wanajeshi wanatoka kuwasaidia polisi dhidi ya vijana wa rika langu, niliwatafuta kwenye picha wale niliovua nao viatu.

Jioni hushuka pale ufuoni. Watoto wa siku hizi wana simu, wanajua marini ni nani kuliko tulivyojua sisi. Lakini boti ya doria ikitokea nyuma ya mafunjo bado wanapiga kelele ileile, na watu wazima bado wanakunja nyavu. Juzi nilijikuta nimesimama nao, beseni ya mama mmoja mkononi, natafuta pa kuificha.