Wazazi, Mifugo na Daftari la Mahudhurio

Kila asubuhi, katika kila shule ya nchi yetu, mwalimu hufungua daftari na kuita majina. Aliyepo huitika, asiyekuwapo hutiwa alama ya kukosa. Kazi hii haizidi dakika chache, lakini nyuma yake ipo historia ndefu ya mvutano baina ya serikali na wazazi juu ya swali moja: nani mwenye haki ya kuamua mtoto aitumie wapi siku yake?

Swali hili halikuzaliwa Afrika. Mwaka 1763 Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia aliamuru watoto wa raia zake waende shule, na wazazi wakaidi watozwe faini. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1870 ilizipa halmashauri za shule ruhusa ya kuwalazimisha wazazi, na ile ya mwaka 1880 ikafanya mahudhurio kuwa lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10. Maofisa walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoro. Wazazi wengi walinung'unika, wala hawakunung'unika kwa ujinga. Mtoto wa miaka tisa alikuwa mkono wa kazi nyumbani, na majira ya mavuno madarasa ya mashambani yalibaki na madawati matupu. Tena serikali ilianza kulazimisha kabla ya kuondoa karo, maana shule nyingi hazikuwa za bure mpaka mwaka 1891. Kwa miaka 11 mzazi maskini aliamriwa kununua kitu asichokuwa na fedha ya kukilipia.

Nimeyataja hayo ya mbali ili msomaji asije akadhani kwamba mfugaji wa Turkana ni mtu wa peke yake katika dunia. Sasa na tuje kwake.

Anayesafiri kutoka Kitale kwenda Lodwar hupita Kapenguria, akateremka Marich, kisha akafika Kainuk, mji mdogo mpakani mwa Pokoti Magharibi na Turkana. Hapo ndipo nchi ya joto kali na mvua chache inapoanza. Utajiri wa watu wa huko ni ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na kila mnyama ana malisho yake. Kwa hiyo jamaa ya mtu mmoja hugawanyika: hawa huenda na ngamia, wale hubaki na mbuzi wa maziwa karibu na nyumba, ambayo Waturkana huiita awi. Nyumba kadhaa zinazohama pamoja kwa usalama huitwa adakar. Mtoto mdogo huchunga wana-mbuzi; akikua kidogo hupewa kundi kubwa zaidi. Mchungaji asipokwenda malishoni kundi hupotea, na kundi likipotea jamaa hulala njaa. Ndiyo sababu wazazi wengi walizoea kuwagawa watoto kama walivyogawa mifugo: mmoja shule, mwingine malishoni. Mimi siuoni mgawanyo huo kuwa uzembe. Ni hesabu, ingawa mtoto aliyepewa fimbo badala ya kalamu hakuulizwa, na mara nyingi alikuwa msichana.

Jirani zao wa Karamoja, nchini Uganda, ambao ni ndugu zao kwa asili na kwa lugha, walikwenda mbali zaidi. Zama za ukoloni waliona kwamba kalamu ilikuja pamoja na kuandikwa majina, na walioandikwa walichukuliwa vitani au walitozwa kodi. Wazee wakaizika kalamu na kuilaani. Ilifukuliwa kwa sherehe mwaka 1995. Mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa masomo wa kupatana na uchungaji, watoto wakifunzwa asubuhi mapema na jioni, karibu na maskani yao. Katika habari zote ninazozijua juu ya mahudhurio, hii ndiyo inayonifundisha zaidi: watu hao waliichukia kalamu kwa sababu waliyoweza kuieleza, nao walirejea ilipobadilishwa kazi yake.

Kwa upande wa Kenya, Turkana ilifanywa na serikali ya kikoloni kuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, na shule zilikuwa chache mno. Serikali iliitumia nchi hiyo kuwaweka watu iliowaogopa. Mzee Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar mpaka mwaka 1961. Basi yafaa kukumbuka kwamba ni serikali yake iliyoondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame mwaka 1971, Turkana na Pokoti Magharibi zikiwamo, na mwaka 1974 ikaondoa karo ya darasa la kwanza hadi la nne nchini kote. Watoto wakafurika. Lakini michango ya majengo ikaja mahali pa karo, na wengi wakatoka kama walivyoingia.

Kisha ukaja ukame wa miaka 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliuita Lopiar. Mifugo ilikufa kwa maelfu. Tangu mwaka 1980 chakula cha mchana kilianza kutolewa katika shule za sehemu kame kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani. Mzazi aliyekuwa na sababu ya kumzuia mtoto nyumbani akapata sababu ya kumpeleka. Karo ya shule za msingi iliondolewa tena mwaka 2003, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaja elimu ya msingi ya bure na ya lazima kuwa haki ya kila mtoto.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndiyo iliyoweka kanuni kwa urefu. Mzazi asiyempeleka mtoto shule aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Fikiri mwenyewe ni mbuzi wangapi watakaouzwa ili fedha hizo zipatikane, na baada ya kuuzwa, huyo mtoto atakula nini. Hata hivyo sheria haikuanza na adhabu. Mwanafunzi akikosa, mwalimu mkuu huchunguza kwanza. Asipoona sababu ya haki, humwandikia mzazi onyo na kuipelekea taarifa halmashauri ya elimu ya kaunti.

Sababu ya haki ni nini, basi, huko Kainuk? Mpaka huo umejua uvamizi wa mifugo na milio ya bunduki kwa miaka mingi. Mzazi anayewazuia wanawe siku ambayo njia si salama ana haki, na nadhani hakuna mwalimu atakayembishia. La ukame ni gumu zaidi. Adakar ikihama, mtoto huhama nayo, na barua ya onyo itaandikiwa nyumba isiyokuwa na mtu. Waliotunga sheria walilitambua jambo hilo, kwani sheria iyo hiyo iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama, nazo shule za kuhamahama, ambazo mwalimu wake hufuata mifugo na kufundisha chini ya mti, ni jaribio la kulichukua daftari mpaka alipo mtoto. Lakini mwalimu wa namna hiyo hana budi kukubali kulala alipolala mfugaji, kunywa maji ya kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, na kuita majina kabla mbuzi hawajafunguliwa.