Norfolk: Hoteli ya walowezi iliyoshuhudia damu ikimwagika

HOTELI ya Norfolk ilifungua milango yake jijini Nairobi siku ya Krismasi, Desemba 25, 1904. Wakati huo Nairobi haikuwa jiji wala mji wa kujivunia. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika hapo miaka mitano tu awali, mwaka wa 1899, na makao yenyewe yalikuwa mabanda ya mabati, mahema na kinamasi kilichojaa vyura.

Waliojenga hoteli hiyo, Meja C.G.R. Ringer na mwenzake Aylmer Winearls, waliwalenga walowezi wa Kizungu waliokuwa wakimiminika nchini kutafuta ardhi. Mlowezi alishuka garimoshi, akalala Norfolk, kisha akasubiri kugawiwa shamba ambalo mara nyingi lilikuwa la mtu mwingine. Wakubwa wa Uingereza waliokunywa hapo walikuwa wengi kiasi kwamba hoteli ilibandikwa jina la mzaha, "Bunge la Malodi".

Kinara wao alikuwa Lord Delamere, aliyemiliki maelfu ya ekari katika Bonde la Ufa. Yapo masimulizi kwamba aliwahi kuingia na farasi wake katika chumba cha kulia. Hadithi za aina hiyo zimerudiwa mno na waandishi wa vitabu vya watalii, hata msomaji anaweza kudhani kwamba kazi ya walowezi ilikuwa vichekesho tu.

Umaarufu wa hoteli ulivuka bahari mwaka wa 1909, pale Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuondoka katika urais wa Marekani, alipokuja kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo. Tangu hapo, kwa tajiri wa Ulaya au Marekani aliyetaka kichwa cha simba ukutani mwake, safari ilianzia barazani Norfolk.

Mwafrika naye alikuwapo tangu siku ya kwanza, ila aliingia kwa mlango wa nyuma. Alibeba masanduku, akatandika vitanda, akasonga mbele na sinia ya vinywaji na kurudi nyuma kimya. Kuketi mezani kama mgeni lilikuwa jambo lisilofikirika, na Mhindi mwenye pesa zake pia hakukaribishwa.

Baraza hilo ndilo lililoiingiza Norfolk katika sura ya huzuni ya historia ya Kenya.

Mnamo Machi 14, 1922, serikali ya kikoloni ilimtia mbaroni Harry Thuku, kijana wa miaka ya ishirini na kitu aliyekuwa karani wa simu katika Hazina ya serikali. Kupitia chama cha East African Association, Thuku alikuwa amepinga kipande, kodi ya nyumba, kupunguzwa kwa mishahara ya Waafrika, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Alizuiliwa katika kituo cha polisi kilichokuwa hatua chache kutoka Norfolk.

Wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Kufikia Machi 16, maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo wakidai aachiliwe. Ujumbe wao ulikwenda kumwona Katibu wa Koloni, Sir Charles Bowring, ukarejea na ahadi tupu na kuwaomba watu waende nyumbani. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka.

Hapo ndipo mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza mbele. Alilivua vazi lake na kuwaambia wanaume walitwae, wao wampe suruali zao, kwa vile waliokuwa wakiogopa ni wao. Miongoni mwa Wagikuyu, mwanamke mzima kujivua nguo mbele ya wanaume ni laana na aibu kubwa. Wanawake walipiga vigelegele, umati ukasonga langoni, na polisi wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Simulizi za walioshuhudia zinaeleza kuwa walowezi waliokuwa wakinywa barazani Norfolk nao walichukua bunduki zao na kuwapiga risasi watu waliokuwa wakikimbia. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Waafrika walisema ni zaidi ya 50. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akazuiliwa kwa karibu miaka tisa.

Biashara ya hoteli iliendelea. Mwaka wa 1927 iliangukia mikononi mwa Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyewasili nchini mwaka wa 1903 bila mali ya kutajika na ambaye familia yake ilikuja kuwa na hoteli kadhaa kubwa, ikiwamo New Stanley.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, sanamu ya Delamere iling'olewa katikati ya jiji na barabara yake ikapewa jina la Kenyatta. Barabara inayopita mbele ya Norfolk ikapewa jina la Harry Thuku. Lakini baraza la hoteli liliendelea kuitwa kwa jina la Delamere kwa miaka mingi, na hivyo mteja aliketi kwa Delamere akitazama barabara ya Thuku. Ni vigumu kupata mahali pengine Nairobi ambapo mahasimu hao wamewekwa karibu namna hiyo.

Ng'ambo ya barabara ipo Kenya National Theatre. Mnamo Oktoba 1976 mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi uliigizwa hapo, na watazamaji wakaungana na waigizaji kucheza na kuimba hadi nje.

Msiba wa pili uliipata Norfolk usiku wa Desemba 31, 1980. Bomu lililotegwa hotelini lililipuka wageni wakisubiri kuukaribisha mwaka mpya, likabomoa sehemu kubwa ya jengo. Watu wapatao 20 waliuawa na zaidi ya 80 kujeruhiwa. Shambulio hilo lilihusishwa na msaada ambao Kenya iliipa Israeli katika uvamizi wa Entebbe mnamo Julai 1976, na pia na asili ya familia ya Block. Mshukiwa mkuu alikuwa ameondoka nchini kabla ya mlipuko, na hakuna aliyehukumiwa. Wakenya wengi hudhani ugaidi ulianza nchini na bomu la Agosti 1998, lakini Norfolk ilitangulia kwa karibu miaka 18.

Hoteli ilijengwa upya. Familia ya Block iliiuza, ikapitia kwa kampuni ya Lonrho, na mwaka wa 2005 ikanunuliwa na wawekezaji wakiongozwa na Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia, ikawekwa chini ya usimamizi wa Fairmont.

Mnamo Mei 2020, janga la corona likiwa limekausha utalii, wasimamizi walitangaza kuwa hoteli inafungwa na wafanyakazi wote wanaachishwa kazi. Baadaye ilifunguliwa tena.