Riwaya ya Vita ya Kisayansi

Askari wanasafiri baina ya nyota. Manowari zinapigana mbali na dunia, na kikosi kilichoachwa kwenye sayari ya ugenini kinangoja msaada usiojulikana utafika lini. Riwaya za namna hii zina soko kubwa kwa Kiingereza, na zina jina lake la maneno matatu, military science fiction. Robert Heinlein alizipa nguvu mwaka wa 1959 kwa Starship Troopers. Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam, akaandika The Forever War mwaka wa 1974, na humo askari wanarudi nyumbani wakakuta karne zimepita. Kwa Kiswahili aina hii bado haina jina lililotulia, na mtunzi anayetaka kuiandika hujikuta hajui aandike nini kwenye jalada.

Jina la kwanza linalomjia mtu ni “riwaya ya sayansi ya kijeshi”. Hilo halifai. Sayansi ya kijeshi ni somo linalofundishwa katika vyuo vya maofisa, na msomaji atatarajia kukuta humo ramani na kanuni za kushambulia. Jina la pili ni “bunilizi ya kisayansi ya kijeshi”. Hili ni sahihi, ila ni zito, na “bunilizi” limebaki zaidi vyuoni kuliko barazani. Isitoshe, neno riwaya limekwisha kubeba maana ya kubuni. Hakuna anayefungua riwaya akidhani anasoma ripoti, kwa hiyo sioni haja ya kulitaja jambo hilo mara mbili.

Ninalopendekeza ni “riwaya ya vita ya kisayansi”. Nguvu yake imo katika upatanisho. Vita huchukua “vya”. Tukisema “riwaya ya vita vya kisayansi”, tumesema vita vyenyewe ndivyo vya kisayansi, na hiyo yaweza kuwa hadithi ya mabomu na rada za mwaka wa 1943. Tukisema “ya kisayansi”, kivumishi kinaruka juu ya vita na kutua kwenye riwaya. Basi ni riwaya ya vita, nayo imeandikwa kwa mkabala wa kisayansi. Wingi nao hautupotezi: riwaya za vita za kisayansi. Herufi chache za upatanisho zinafanya kazi yote ya kutenganisha maana, bila kistari wala maelezo ya ziada. “Riwaya ya kisayansi” tayari inatumiwa na wahakiki, na “riwaya ya vita” inaeleweka na kila mtu. Tumeunganisha tu vinavyojulikana.

Nimeviweka vita mbele kwa makusudi. Masimulizi ya vita ni urithi mkongwe wa Kiswahili. Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka wa 1728, nao unasimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Mashariki, katika nchi ambazo wasikilizaji wengi wa Pate hawakuwahi kuziona. Mwaka huohuo Wareno walirudi Mombasa wakaishika Ngome ya Yesu, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Baadaye Abdallah bin Masud Mazrui alitunga utenzi wa al-Akida, Muhammad bin Abdallah, aliyeasi akiwa ndani ya Ngome hiyo hadi manowari za Waingereza zikaipiga mizinga mwaka wa 1875. Liwali Mbarak Ali Hinawy aliuchapisha utenzi huo mwaka wa 1950. Upande wa sayansi ni mchanga zaidi. Katama Mkangi, mwana wa Pwani, alimrusha mhusika wake kwa roketi kuelekea jua katika Walenisi ya mwaka wa 1995, akamtua katika ulimwengu mwingine. Ile si riwaya ya vita, lakini baada yake hakuna anayeweza kusema kwamba Kiswahili hakijui kuruka angani.

Mwandishi wa aina hii akiniuliza aanzie wapi utafiti wake, nitamwambia aingie Ngomeni. Asifuate hadithi za fahari. Aende kutazama jinsi vita vinavyofanya kazi. Ngome ilianza kujengwa mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, kwa mawe ya matumbawe, juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari. Ina buruji nne, na kila buruji inauona ukuta wa jirani yake, ili adui anayefika chini ya ukuta apigwe kutoka ubavuni. Ukisimama juu ya buruji moja ukatazama ya pili, unaelewa mara moja ni kwa nini kituo cha angani katika riwaya hakiwezi kuwa duara tupu lenye bunduki. Lazima mwandishi ajue nani anaona wapi, na ni wapi hapaonwi na yeyote.

Kisha uje mzingiro wenyewe. Waomani waliizingira Ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Ilifika wakati katika mwaka wa 1697 Wareno walikuwa wamekufa karibu wote, na ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake. Msaada ulitegemea Goa, makao ya Wareno huko India, na Goa ilitegemea kaskazi. Pepo zikigeuka kuwa kusi, meli haiji, hata kama mfalme wa Ureno anataka. Mwishowe Ngome ilianguka, na meli za msaada zikatokea siku chache baadaye, zikakuta bendera nyingine. Manowari ya Kireno Santo António de Taná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka wa 1697 na kuchimbuliwa na wapigambizi miaka ya 1970, ilikuwa imekuja kwa kazi hiyohiyo ya kuokoa.

Hapo ndipo sayansi inapoingia. Baina ya nyota, hata mwanga huchukua miaka, na amri ya makao makuu hufika ikiwa imepitwa na mambo. Mtunzi wa Mombasa hahitaji kuazima wazo hilo kwa Haldeman, kwa kuwa anaishi kando ya bahari iliyoendeshwa hivyo kwa karne nyingi. Anachohitaji ni kulipigia hesabu. Chombo kinakwenda kasi gani, chakula kitatosha siku ngapi, nani ataugua kwanza? Asipoyajibu hayo, ameandika riwaya ya vita tu, akaipaka rangi ya nyota.

Msamiati upo. Nahodha, sukani, buruji, handaki na mzinga viko midomoni mwa watu. Manowari ni neno la Kiingereza lililofanywa letu zamani, nayo “manowari ya angani” haihitaji tanbihi. Vyeo tunavyo kutoka koplo hadi brigedia, na “afande” humfanya msomaji akae sawa. Ningeomba tu asitafsiri vyeo vya majini vya Wamarekani kimojakimoja wakati nahodha yupo.

Limebaki suala la kukitoa kitabu. Wachapishaji wa Kenya hutegemea sana soko la shule na vitabu teule, na mfululizo wa riwaya tano za vita angani si rahisi kupata nafasi hapo. Ndipo wengi husema “nimekitoa mwenyewe”. Istilahi inayofaa ni kujichapishia, si kujichapisha. Anayejichapisha amejifanya yeye ndiye kitabu, ilhali anayejichapishia amekichapisha kitabu kwa niaba yake na kwa gharama yake, na kauli ya kutendea ndiyo inayoleta tofauti hiyo. “Kujitolea” nako kumekwisha kuchukuliwa na kazi za hisani.

Jambo lenyewe si geni hapa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mjini Mombasa mwaka wa 1930 na lile la Al-Islah mwaka wa 1932, bila kungoja kampuni imkubali. Dar es Salaam, Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers akiwa mtunzi wa mfululizo wa Joram Kiango, na wasomaji walimfuata Joram kutoka kitabu hadi kitabu kwa jina lake. Anayejichapishia leo hujigeuza ofisi nzima, na kosa ninaloliona mara nyingi ni kuruka mhariri ili kulipia jalada. Nambari ya kimataifa ya kitabu hutolewa nchini Kenya na Huduma za Maktaba za Kitaifa, na kila juzuu huhitaji yake, toleo la karatasi mbali na la simu. Juu ya jalada la kila moja, chini ya anwani, iandikwe: juzuu ya ngapi, katika mfululizo wa riwaya za vita za kisayansi.